Uchavushaji wa Maua na Uhaba wa Matunda ya Pasheni: Mada kwa Semina ya Mabwana Shamba wa Mwambao



Nimetakiwa nieleze uchavushaji wa mimea itoayo maua, jambo ambalo kila aliyehudhuria hapa amelisoma tangu skuli. Chavua hutoka katika chavulio, ikafika juu ya stigma, ikaotesha mrija unaoteremka hata ndani ya ovari, na hapo mbegu hutungwa. Mahindi huchavushwa na upepo. Matunda mengi huchavushwa na wadudu, kama alivyobainisha Mjerumani Sprengel katika kitabu chake cha mwaka 1793. Hayo yatosha.

Neno langu hasa ni pasheni ya manjano, ipandwayo katika joto la mwambao, ambayo miaka nenda miaka rudi hutuletea mashtaka yale yale: mpasheni umetanda juu ya waya, umejaa maua, na matunda ni haba. Mkulima hulaumu udongo, akaongeza samadi, akanunua dawa, ilhali sababu i mbele ya macho yake.

Ua hili hufunguka takriban saa sita mchana, likajifunga usiku, lisifunguke tena. Wala halikubali chavua yake lenyewe, wala ya ua jingine la shina lile lile, wala ya pando lililokatwa katika shina hilo. Litazameni kwa karibu: vichavulio vitano vimeinama kuelekea chini, na juu yake zimesimama stigma tatu, ambazo baada ya ua kufunguka hujikunja polepole hata zikashuka usawa wa vichavulio. Nyuki wa asali, kwa udogo wake, hupita chini asiziguse, au hukomba chavua akaenda nayo mzingani. Afaaye ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, ambaye azungukapo akinyonya nekta, mgongo wake husugua chavua ya ua hili na kuipaka stigma za ua la pili.

Naye ndiye tunayempiga vita! Tundu lake huzibwa kwa udongo au kumwagiwa mafuta ya taa, ijapokuwa hali mbao bali huitoboa apate kulea wanawe, dume lake halina mwiba, na jike huuma kwa nadra. Magogo makavu nayo huchomwa yote, kwa kuwa miongozo yetu, ambayo sikusudii kuitia dosari mbele ya wakubwa walioitoa, husifu shamba lisilo na kijiti. Kisha dawa ya wadudu hupigwa mchana, saa ile ile ua linapofunguka.

Rai zangu, ambazo haziifungi idara, ni hizi. Magogo makavu ya miti laini yaachwe pembezoni mwa shamba. Miche itokane na mashina mbalimbali. Dawa, ikiwa haina budi, isipigwe mchana maua yakiwa wazi. Palipokosekana nyuki, mkulima achukue chavulio la shina moja asugue stigma zote tatu za shina la pili, mchana ule ule, pasipo mvua, maana chavua iliyolowa hupasuka. Wafundishwe pia watoto wa skuli wasiwaue nyuki hawa. Na magogo, nasema tena kwa makusudi kwa kuwa nimekwisha kuyasema katika semina nyingine yasisikilizwe, magogo yasichomwe.

Naiomba idara, kwa taadhima, iliandike hilo katika mwongozo wa msimu ujao, mapema, kabla wakulima hawajaanza kusafisha mashamba.