Dawa ya Kupe Siyo ya Mboga
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kimuka)

Leo tuongee juu ya mikebe yetu. Hapa Kimuka vilima vya Ngong vinatuzuilia mvua, na maji mara nyingi yanakuja kwa punda. Ndiyo maana wengi tunapanda maua na sukuma wiki katika mikebe na magunia, karibu na mlango.

Msimu uliopita mimea yetu iligeuka manjano. Ukigusa mkebe tu, visubi vyeusi vinaruka. Basi wengine wetu tukachukua masazo ya dawa ya kupe, tukamwagia. Wadudu walikufa, ni kweli. Lakini sukuma ilikuwa imebakiza siku mbili ichumwe! Tuliing'oa yote, tukaifukia. Dawa ile ni sumu, na mtoto hawezi kujua mkebe upi umemwagiwa.

Tangu hapo tunafanya hivi:

Kwanza, tumjue adui. Kisubi hutaga mayai katika udongo wenye majimaji. Funza wake ni mweupe, kichwa cheusi. Huyo ndiye anayekula mizizi. Weka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo siku mbili tatu, halafu kigeuze. Funza watakuwa wamejikusanya chini yake. Kitupe mbali, weka kingine.

Pili, toboa mkebe chini. Usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke, kina cha pingili moja ya kidole. Halafu tandaza mchanga mkavu. Dawa hii haina bei, tena inaokoa maji.

Tatu, samadi iwe imeoza kabisa. Samadi mbichi inawaita visubi.

Nne, mwarobaini, ambao wataalamu wa ICIPE, kituo cha wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, wameuchunguza sana. Twanga gramu 50 za mbegu, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, mwagia udongo. Rudia kila wiki, kwa wiki tatu. Maji hayo si ya kunywa.

Mtu atauliza, "Na tumbaku je?" Inaua wadudu, ndiyo, lakini hata mtu inamdhuru. Kwa mboga, hapana.

Sasa kila kikundi kijaribu mikebe miwili: mmoja ukaushwe juu, mwingine umwagiliwe kama zamani. Mkutano ujao tuletane habari.