Daktari Alihamishwa, Chama Kikabaki

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet)



Kikundi chetu kilianza kujenga tangi la maji. Katibu alikuwa mwalimu, mtu mwaminifu. Siku moja akapata barua ya uhamisho, na kabla ya wiki kuisha ameenda. Hakuiba hata shilingi. Lakini nani alikuwa ametoa mchango wake wa bonasi ya chai? Fundi alilipwa ngapi? Yote yalikuwa kichwani mwa mwalimu. Tangi likakaa nusu kwa miaka miwili.

Ndiyo sababu leo nawaambia habari za Dakta Vedasto Kyaruzi wa Tanganyika. Alisomea udaktari Makerere, wakati Waafrika wenye elimu hiyo walikuwa wa kuhesabika. Akafanya kazi Dar es Salaam. Mchana alitibu wagonjwa, na mwaka 1950 wenzake wakamchagua kuwa rais wa chama cha Waafrika kilichoitwa TAA. Katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes. Wakakaa na wazee wa mji, wakaandika maoni yao juu ya katiba ya nchi, wakampelekea Gavana Twining.

Serikali ya kikoloni haikupenda. Na daktari alikuwa mtumishi wake, basi silaha ilikuwa rahisi: barua ya uhamisho. Akapelekwa Kingolwira, karibu na Morogoro, halafu Nzega, mbali kabisa na pwani.

Je, chama kilikufa? Tusidanganyane, kililegea. Lakini Sykes alishika nafasi ya rais, na yale maoni yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi, si kichwani mwa daktari. Mwaka 1953 mwalimu Julius Nyerere akachaguliwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Naye Dakta Kyaruzi akatumwa kuwa balozi wa nchi yake kwenye Umoja wa Mataifa.

Ndugu zangu, kiongozi aweza kuhamishwa, kuugua, kuolewa mbali, au kuitwa na Mungu. Kwa hiyo mkirudi nyumbani fanyeni haya:

1. Kila mchango uandikwe daftarini, na usomwe mbele ya wanachama wote.
2. Katibu awe na msaidizi anayejua kazi yote.
3. Benki iwe na sahihi za watu watatu, na kitabu chake kionekane kila mkutano.

Tangi letu lilimalizika hatimaye. Mama mmoja alikwenda nyumba kwa nyumba kumwuliza kila mtu alitoa nini. Sasa yeye ndiye katibu, na binti wa jirani anajifunza kazi kando yake.

Nawaachia swali moja: kiongozi wenu akiondoka kesho asubuhi, nani atafungua daftari?