Shomoro wa Tano

Ndugu msikilizaji, sokoni tunasema kitu hiki ni ghali, kile ni rahisi. Maneno hayo hutaja bei, hayatuambii thamani. Maji ni rahisi kuliko dhahabu, lakini mwenye kiu hanywi dhahabu.

Katika Mathayo 10 shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Katika Luka 12, watano kwa senti mbili. Piga hesabu: wa tano alitolewa nyongeza, bila bei. Hata hivyo Bwana Yesu alisema Mungu hamsahau hata mmoja wao.

Mama mjane, kijana usiye na kazi, labda watu wanakuona nyongeza tu. Usikubali. Umenunuliwa kwa damu ya Kristo. Nawe mwajiri, usimpime mtumishi wako kwa mshahara wake.

Mungu awabariki. Amina.