Presha ya Mfanyakazi na Hesabu ya Kampuni

Jumamosi asubuhi jijini Dar es Salaam si ajabu kuwakuta wafanyakazi wa kampuni fulani ufukweni Coco, fulana mpya mwilini, wakikimbia, wakivuta kamba, kisha wakimalizia kwa nyama choma na soda baridi. Ndilo bonanza. Picha zikishapigwa, ripoti huandikwa kwamba suala la afya kazini limeshughulikiwa. Jumatatu dereva wa kampuni hiyohiyo anarudi barabarani, na tangu aajiriwe hajawahi kupimwa presha.

Hoja ya makala hii ni kwamba fedha za mabonanza hayo zinapelekwa pasipo na ugonjwa.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na asilimia 9 wana kisukari. Umri huo ndio wa kufanya kazi. Presha nayo haina adabu ya kubisha hodi: fundi mitambo mwenye uzoefu wa miaka ishirini hujiona mzima hadi siku anapopata kiharusi, na kampuni hubaki ikitafuta mtu wa kuziba pengo ambalo halizibiki kwa tangazo la kazi.

Waajiri wa Afrika walishawahi kufanya mtihani wa namna hii. Agosti 2002, kampuni ya madini ya Anglo American ilitangaza kuwapa wafanyakazi wake dawa za kufubaza VVU bila malipo, wakati ambapo serikali ya Afrika Kusini ilikuwa haijaanza kuzigawa kwa wananchi wote. Haukuwa wema mtupu. Wachimbaji walikuwa wakiugua na kufa, na hesabu ya kuwatibu ilianza kuonekana nyepesi kuliko ya kuwazika na kufundisha wapya.

Lakini si kila mpango wa afya kazini huzaa matunda. Mwaka 2019, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani katika maduka ya BJ's Wholesale Club, lililohusisha karibu wafanyakazi 33,000. Baadhi ya maduka yalipewa mafunzo ya lishe, mazoezi na kupunguza msongo. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa maduka hayo walisema wanafanya mazoezi zaidi. Uzito, presha, utoro kazini na gharama za matibabu havikuonesha tofauti ya maana. Somo la lishe, kwa maoni ya mwandishi, haliwezi kushindana na zamu ndefu na kantini inayouza chipsi tu.

Upande wa wanaouza huduma za afya, Rwanda ina funzo. Babyl, tawi la kampuni ya Uingereza iitwayo Babylon, ilianza mwaka 2016 kuwaunganisha wagonjwa na wauguzi na madaktari kwa simu, hata ya kitochi, na ikaandikisha watu zaidi ya milioni 2. Wateja walikuwepo, lakini hawakutosha kuiokoa. Mwaka 2023 kampuni mama ilianguka, na tawi nalo likafunga milango.

Bima? Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ni hatua kubwa. Hata hivyo, kazi kubwa ya bima ni kulipia mtu aliyekwisha kuugua.

Kwa hiyo waajiri wanaombwa waanze na vitu vidogo: kipimo cha presha katika kila karakana, na mtu aliyefundishwa kukitumia, saa za mapumziko za madereva zinazoheshimiwa, mazungumzo na mama ntilie wa getini kuhusu chumvi na mboga za majani. Bajeti ya fulana za bonanza lijalo inatosha kuanzia.