Mashine ya Pumzi Isikae Uvunguni



Wako watu ambao wakilala hukoroma, kisha pumzi hukatika, mara washtuke. Huo si usingizi mtamu, ni ugonjwa. Daktari akishampima mgonjwa, huweza kumpa mashine inayosukuma hewa kwa mpira mpaka kwenye barakoa ya puani. Daktari Colin Sullivan wa Australia aliieleza tiba hii mwaka 1981.

Mzee mmoja jirani yangu aliiweka yake uvunguni, eti wageni wasiione. Jamani! Mashine huvuta hewa ya pale ilipo. Vumbi likizidi, chujio huziba.

Basi iweke juu ya kigoda kando ya kitanda, chini kidogo ya kichwa chako, mbali na koroboi na pazia. Mpira upite chini ya chandarua, kisha kichomeke vizuri. Mbu wa huku ziwani mnawajua.

Asubuhi chomoa waya, mwaga maji yaliyobaki, osha barakoa kwa sabuni, anika kivulini. Kisha ifunike mashine kwa kitambaa safi, wadudu wa ziwani wasiingie. Usiku ifunue kabla ya kuiwasha.

Mgeni akiuliza, mwambie: "Hii ndiyo inayonifikisha asubuhi."