Deni Limelipwa, Jina Bado

Januari benki yangu ilininyima mkopo wa karo kwa sababu ya deni la simu la shilingi 2,300. Nilikuwa nimelilipa, tena na faini juu! Nilidhani ukilipa, jina hutoka CRB siku hiyo hiyo. La. Kwa kanuni za Kenya, kumbukumbu ya deni lililokwama hubaki miaka mitano baada ya kulilipa. Kinachobadilika ni kuandikwa kwamba limelipwa. Langu hata hilo halikuandikwa. Mkopeshaji alipokea pesa, akanyamaza.

Basi usingoje kunyimwa ndipo uulize. Kila mwaka una haki ya kupewa ripoti yako mara moja bila malipo. Isome mstari kwa mstari. Penye kosa lalamika kwa maandishi, uambatishe risiti. Tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa huko.

Na hao vijana wa mjini wanaodai kusafisha majina kwa ada? Deni la kweli hawawezi kulifuta. Kopa kidogo, ulipe kabla ya siku. CRB huandika mema pia. Mimi nimeanza na shilingi 5,000. Karo ya muhula huu amelipa shemeji yangu.