Watu Wanne kwenye Gari: Ikama ya Askari wa Zimamoto katika Mji Mdogo



Waandaaji wa mkutano huu wameniomba nianze na fasili. Moto huhitaji kitu cha kuungua, joto na oksijeni. Uokoaji ni kumtoa mtu kwenye hatari. Ikama ni idadi ya watumishi walioidhinishwa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 mnaijua, na namba ya dharura ya zimamoto, 114, mnaijua. Naomba niingie kwenye hoja.

Tunahesabu askari wa kituo, ilhali moto huzimwa na askari waliopanda gari. Gari likifika na watu wawili, dereva habanduki kwenye pampu. Anabaki mmoja, naye ndiye kamanda, mshika mpira na mwokoaji. Huyo haruhusiwi kuingia ndani peke yake. Kanuni ya Marekani ya wawili ndani na wawili nje, tayari kuwatoa wenzao, ina sababu: mtungi wa hewa ulioandikwa dakika 30 humwishia mapema zaidi anayeburuta mpira ngazini. Basi tunasimama nje tukirusha maji dirishani, na wananchi wanasema zimamoto wamekuja bila maji. (Kuna siku maji hayapo kweli, hiyo ni mada ya mwenzangu wa mchana.)

Kiwango cha NFPA 1710 cha Marekani kinataka watu wanne kwa gari. Majaribio ya taasisi ya NIST ya huko huko Marekani, yaliyotolewa mwaka 2010, yalionyesha kuwa wanne humaliza kazi 22 za msingi kwenye nyumba ya kawaida haraka zaidi kwa asilimia 30 kuliko wawili, na kwa asilimia 25 kuliko watatu. Nitaambiwa nyumba za Marekani si kama zetu. Ni kweli. Zetu zina nondo madirishani na mageti ya chuma, kwa hiyo zinataka mikono zaidi.

Sasa hesabu. Nafasi nne, kwa utaratibu wa saa 24 kazini na 48 za mapumziko, ni watu 12. Wapanga bajeti hukomea hapo. Lakini kila askari ana zamu kama 122 kwa mwaka. Likizo ya siku 28 inakula kama 9. Tukiweka 12 za ugonjwa, uzazi, misiba na kozi, ambazo ni makadirio yangu, zinabaki 101. Gawanya 365 kwa 101: kila nafasi inahitaji watu 3.6, na gari moja watu 15. Gari la pili, 15 wengine. Kiti cha mpokea simu peke yake, wanne. Jumla 34, kabla ya mkuu wa kituo, mkaguzi na karani.

Kituo nilichowahi kukiongoza kilikuwa kimejaa kwenye karatasi, maana orodha ilibeba walio masomoni, walioazimwa maofisini na wakaguzi wa majengo. Nimeliandikia barua suala hili kwa miaka. Jibu huwa kwamba linafanyiwa kazi, nami naliheshimu jibu hilo.

Napendekeza ikama ihesabiwe kwa gari na kwa zamu. Gari lenye watu pungufu ya wanne lisiandikwe kuwa liko tayari. Likilazimika kutoka, la pili litumwe papo hapo. Mkaguzi asihesabiwe kwenye zamu. Viwanda na bandari zenye vikosi vyake ziwe na makubaliano ya kusaidiana nasi. Wajitoleaji wafundishwe kazi za nje, kama kutandaza mipira na kuzuia umati, ili askari waingie ndani. Gari jipya lisinunuliwe kabla watu wa kulipanda hawajapata kibali cha ajira. Likizo na kozi ziingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Na, narudia, ikama ihesabiwe kwa gari na kwa zamu.

Kibali cha ajira kikikosekana mwaka huu wa fedha, basi taarifa ya asubuhi ioneshe waliopo zamu kando ya walioajiriwa. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji safu moja kuongezwa kwenye fomu.